Mali Kauli

Waliosoma Mabepari wa Venisi shuleni wengi wanakumbuka ratili ya nyama. Mimi siku hizi nakumbuka zaidi mwanzo wake, kabla ya kisu na kabla ya mahakama, pale ambapo kuna watu wanaotafuta mkopo tu. Bassanio anahitaji dukati 3,000 ili akapose. Hana kitu. Anamwendea rafiki yake Antonio, na Antonio anamjibu kwamba mali yake yote iko baharini, mkononi hana taslimu wala bidhaa ya kuuza. Basi aende mjini akaone jina la Antonio linaweza kukopa kiasi gani.

Ukiisoma taratibu sehemu hiyo utagundua jambo: Antonio amejiajiri. Hana mshahara wala mwajiri, ana merikebu. Na Shylock anafanya kazi ya mtu ambaye leo tungemwita afisa mikopo. Anazihesabu merikebu moja moja: hii imekwenda Tripoli, hii India, hii Mexico, hii Uingereza. Anakumbuka kwamba merikebu ni mbao na mabaharia ni binadamu, na kwamba huko nje kuna maharamia, mawimbi na miamba. Pamoja na hayo yote anaamua kuwa mtu huyu anatosha. Nyerere alichapisha tafsiri yake mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na pale ambapo Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja yeye akaweka "mabepari". Ukishaona neno hilo kwenye jalada, unaingia ndani ukiwa tayari umeshamhukumu mzee wa watu. Sawa, ukatili wake utakuja baadaye (na matusi anayotupiwa kwa Uyahudi wake yametangulia, tusisahau). Lakini kwenye kutathmini mkopo, alikuwa makini kuliko benki niliyoingia mimi mwaka jana hapa Morogoro mjini.

Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea. Maana yake, kwa asiyejua, ni kwamba nalipwa kwa makala. Naweza kwenda Ifakara mwezi wa kwanza, nikalala gesti siku tatu, nikalipa bodaboda na chakula, nikaandika, makala ikatoka mwezi wa pili, na malipo yakaingia mwezi wa nne. Fedha ninayo, tatizo haipo siku ninayoihitaji. Ndiyo maana nilitaka kadi ya mkopo. Kadi nyingi tulizonazo kwenye pochi Tanzania si za mkopo, ni za kutolea pesa yako uliyoiweka mwenyewe. Ya mkopo ni nyingine: benki inakupa ukomo, unatumia, unarudisha baadaye. Kwa mtu wa kazi kama yangu ilionekana ni kama ilitengenezwa kwa ajili yake.

Kijana wa dawati la mikopo alinipokea vizuri, sina neno naye.

"Dada, naomba slipu za mshahara za miezi mitatu na barua ya mwajiri."

Nikamwambia sina mwajiri, nimejiajiri. Nilikwenda na kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi na taarifa ya akaunti ya miezi sita. Akaichukua ile taarifa, akapitisha kalamu mstari kwa mstari, akasimama.

"Mwezi wa pili hapa hamna kitu kabisa."

"Wa nne umeona?"

"Wa nne nimeona. Umeingiza nyingi. Lakini mfumo unaangalia kila mwezi, dada yangu."

Kuna njia nyingine, akasema. Niweke fedha kwenye akaunti ya muda maalumu, zifungiwe humo kama dhamana. Nikitaka ukomo wa shilingi 2,000,000, niweke 2,000,000 na ushee. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Yaani ili benki iniamini kwa milioni mbili, lazima kwanza mimi niiamini kwa milioni mbili na kitu, halafu nikope pesa yangu mwenyewe kwa riba. Au kama nina nyumba yenye hati, tunaweza kuongea.

Suala la hati linahitaji maelezo kidogo, maana sisi Waluguru tunalo letu. Ukoo tunaufuata kwa mama, na ardhi ya mlimani ni ya ukoo. Upande wa mama yangu una shamba Kinole, lina migomba, minanasi na mchungwa mmoja mzee. Nikitaka kulima kipande nitapewa. Nikifa, watoto wa dada zangu watalima. Lakini hakuna mtu hata mmoja katika ukoo wetu, hata mjomba mwenyewe, anayeweza kushuka nalo shamba lile mjini akaliweka mezani kwa afisa mikopo. Tangu mwaka 2004 serikali imekuwa na mpango wa MKURABITA wa kurasimisha mali za wanyonge ili zikopeke. Naelewa nia yake. Ila kila nikiwaza jina moja kwenye hati ya shamba la Kinole, nawaza pia kikao cha ukoo kitakachofuata, na sina hamu ya kuwepo.

Kichekesho ni kwamba taasisi nyingine zinaniamini vizuri tu. Mhariri akinilipa anakata kwanza kodi ya zuio asilimia 5. TRA wananikadiria mapato ya mwaka mzima kabla mwaka haujaisha, na natakiwa kulipa kwa awamu nne. Hawajawahi kuniuliza slipu. Mbele ya mtoza kodi mimi ni mtu mwenye kipato kinachojulikana mpaka cha mwezi wa kumi na mbili. Nikivuka barabara kuingia benki, kipato hicho hakipo.

Mji huu unaujua mkopo uliokamilika makaratasi. Wazee wa Morogoro wanakikumbuka Kiwanda cha Viatu. Kilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa mamilioni ya jozi za viatu kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Upembuzi yakinifu ulikuwepo. Wataalamu walikuwepo, mihuri ilikuwepo, na mdhamini ndiye huyo anayetosha kuliko wote, yaani serikali. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Sikitaji ili kuwacheka waliofanya kazi pale. Baadhi yao ndio waliotuzaa na kutusomesha, na kilipofungwa ndio waliokuwa wa kwanza kujiajiri, bila semina ya ujasiriamali. Nakitaja kwa sababu hakuna ombi la mkopo mjini hapa lililokuwa safi kuliko lile.

Sasa nenda sokoni Mawenzi alfajiri. Gari la nyanya limefika, akina mama wamelizunguka. Mwenye mzigo anampa mmoja tenga mbili, mwingine tatu. Hakuna anayesaini. Jioni, mzigo ukishauzwa mafungu mafungu, pesa yake inarudi, na kesho alfajiri wanapewa tena. Kiswahili kina jina la biashara hii, na kwangu ni miongoni mwa majina mazuri tuliyonayo: mali kauli. Unachukua mali, unaacha kauli. Kauli yako ndiyo dhamana, ukiivunja wiki hii gari la wiki ijayo litakupita. Mwenye nyanya hajui mapato ya mwezi ya mama yule. Anajua anasali wapi, anajua mvua za masika zikizidi wateja hupungua, anajua mwezi uliopita alifiwa na hata hivyo alilipa, akachelewa siku mbili. Huo ndio uchunguzi wa merikebu.

Sitaki kuipamba mali kauli. Lugha yenyewe haijawahi kuwa na uhakika na mkopaji: kamusi za zamani zinalipa neno "kopa" maana mbili, kuchukua kwa ahadi ya kulipa, na kulaghai. Wakoloni nao walikuwa na maoni yao. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilisema deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika halidaiki mahakamani mpaka liwe limeandikwa na kuidhinishwa na afisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kuwalinda wenyeji wasizame kwenye madeni ya wenye maduka. Labda. Lakini mwenye duka la jumla ambaye hawezi kukudai mahakamani hakupi mzigo, na mfanyabiashara wa Kiafrika asiyepewa mzigo anabaki na kigenge. Kauli yake ilikuwa haitoshi mpaka afisa aiwekee sahihi. Ninapokwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho ili benki wajue naishi ninapoishi, sheria ile ilishafutwa zamani, na bado napanga foleni ya sahihi ya afisa.

Anayekataliwa benki hakosi pa kwenda, na hapo ndipo penye hatari. Kenya mkopeshaji wa mtaani wanamwita shylock, na nadhani wengi wanaolitumia jina hilo hawajawahi kuufungua mchezo. Sisi tunaiita mikopo hiyo kausha damu. Anayekumbuka mahakama ya Venisi ataona tulivyopinduana na Shakespeare. Kule Antonio aliokolewa na damu: mkataba ulisema nyama, haukusema tone la damu, na Portia akaushikia hapo hapo. Huku kwetu damu imo kwenye jina la bidhaa, na wanawake wanapanga foleni wakijua. Halafu zikaja programu za simu. Hazikuombi mdhamini, zinachukua orodha ya namba zote zilizomo kwenye simu yako, na ukichelewa zinamtumia ujumbe shangazi yako, fundi wako wa cherehani na bosi wako wa zamani kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya namna hiyo yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Rafiki yangu mmoja aliwahi kunipigia simu akilia kwa deni la shilingi 60,000. Kilichokuwa kinamliza ni kwamba ujumbe ulikuwa umemfikia mkwe wake.

Mimi nilikwenda kwenye kikoba. Tuko 28, tunakutana Jumamosi Mwembesongo kwenye baraza la mmoja wetu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mtindo huu wa kuweka na kukopa kwa hisa una historia ndefu kidogo, kwani mizizi yake ni vikundi vya wanawake vya Niger vya mwaka 1991. Kwetu unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako, na wenzako wanne wa kundi lako la watano wanakudhamini. Nilikuwa na hisa za 300,000, nikaomba 900,000 kwa ajili ya kamera. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja anayeuza vitenge, ambaye sidhani kama amewahi kusoma makala yangu yoyote, akanyoosha mkono.

"Huyo mhariri wako akichelewa kukulipa, unatulipa na nini?"

Swali lenyewe hasa. Nikaeleza: nina wahariri watatu, mmoja mwepesi, wawili wazito, na nikikwama kabisa huwa napata kazi za kutafsiri ripoti za mashirika. Mwingine akauliza kazi hizo huja mara ngapi kwa mwaka. Mwingine akataka kujua kamera ikiibiwa itakuwaje. Walinihoji dakika ishirini, jasho likanitoka, wakanipa. Nimelipa yote.

Lakini nimewahi pia kuwa kwenye msafara wa kikoba uliokwenda kubeba friji ya mwenzetu aliyeshindwa. Alitufungulia mlango mwenyewe, akaitoa maziwa ya mtoto, akaisukuma mpaka kizingitini. Hatukusemezana. Hakurudi tena Jumamosi, na tukikutana sokoni anaangalia nyanya. Kauli ikivunjika kati ya watu wanaojuana, hakuna meneja wa kumwandikia barua ya malalamiko. Kwa hiyo simlaumu mtu anayetaka kudaiwa na mashine isiyomjua. Kuna siku hata mimi ningependa deni langu lijulikane na kompyuta peke yake.

Ndiyo maana sijaacha kuitafuta ile kadi. Yule kijana wa benki aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nikileta miezi sita iliyonyooka, ombi langu linaweza kusomeka. Hakusema ninyooshe vipi. Basi tangu mwezi wa nane malipo yangu yote yanaingia kwanza kwenye simu, na kila tarehe 28 nahamisha shilingi 450,000 kwenda benki. Makala zikilipwa sana, 450,000. Zisipolipwa, natoa kwenye akiba, 450,000. Kwenye nafasi ya maelezo naandika: mshahara. Pesa ni ileile, ila sasa inavaa suti. Huu ni mwezi wa tano.

Mwezi uliopita simu yangu ilikuwa kwa mama jikoni, ujumbe wa benki ukaingia, akausoma kabla yangu. Akatoka uani na mwiko mkononi.

"Hujaniambia kama umepata kazi!"

Nikamwambia nimepata.

"Mwajiri mwenyewe yukoje?"

"Mkorofi kidogo, mama. Lakini hajawahi kupitisha tarehe."

"Mshike huyohuyo," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.