Kuzima kabla ya kuhifadhi

Nilipotea hapa wiki nzima. Nilikesha siku tatu nikimwandikia mteja programu. Siku ya nne nilipoifungua, nikaona kama imeandikwa na mtu mwingine. Hata sababu za maamuzi yangu zilikuwa zimenitoka.

Basi nikaanza kusoma kuhusu usingizi. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu mpya, ina midundo yake: theta ya polepole, na mitetemo mifupi ya kasi sana. Mwaka 2021 watafiti wa Max Planck, Tübingen, Ujerumani, walieleza katika jarida la Nature walichopima kwa kima waliopewa dawa ya usingizi. Mawimbi yanayotoka shina la ubongo, kule chini karibu na shingo, yalikuwa ya aina mbili. Moja ilikwenda na theta, nyingine na ile mitetemo.

Kwa lugha yetu ya kompyuta, ni kama mashine mbili zinazopeana ishara kazi ya kuhifadhi ikiendelea. Nami nilikuwa nachomoa waya katikati. Leo nalala saa nne. Mteja atangoja. Wewe je, jana ulilala?