Nuru Itokayo Ubavuni

Jua la asubuhi likipenya katika tundu la paa la makuti, mwali wake hukata giza la chumba mfano wa upanga, na vumbi lililokuwamo tangu jana bila ya kuonekana hudhihirika likipanda na kushuka. Mtoto aliyelala kitandani hulitazama kwa furaha, akadhani limeletwa na jua. Kumbe lilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni upande: nuru yapita ubavuni, jicho latazama kutoka mahali pengine, na kila kisichoguswa na mwali chabaki gizani. Juu ya jambo hili dogo, lijulikanalo na kila mkazi wa nyumba ya makuti, imejengwa moja katika hadubini za ajabu za zama hizi.

Mwaka 1903 Henry Siedentopf na Richard Zsigmondy walieleza chombo walichokiunda huko Jena, Ujerumani, kwa kanuni hiyo. Walitaka kuona chembe za dhahabu zilizomo katika kioo chekundu, chembe ndogo kiasi cha kuzishinda hadubini za kawaida. Waliipitisha nuru katika ufa mwembamba, wakaiingiza katika kioo kwa ubavu, kisha wakatazama kwa juu. Chembe zikang'aa kama nyota za usiku. Zsigmondy alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925. Kwa upande wa elimu ya viumbe, mwaka 1993 njia hiyo ilitumiwa kuchungua sikio la ndani la simbilisi, na mwaka 2004 Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao wa Heidelberg wakaonyesha kwamba yaweza kumtazama samaki aliye hai angali kiinitete.

Neno hilo "hai" ndilo lenye uzito. Kuona kwa hadubini hakukuwa bure hata siku moja. Anayelipa ni kinachotazamwa. Wataalamu hutia katika mwili wa kiumbe protini ing'aayo, kama ile ya kijani ya yavuyavu ambayo Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962. Protini hiyo hupokea nuru ya buluu na kurudisha ya kijani. Lakini nuru ile ile iamshayo mng'ao huzaa pia sumu ndani ya seli, na ikizidi seli hudhoofika, huacha kugawanyika, hatimaye hufa. Katika hadubini ambayo nuru na jicho hupita njia moja, mtu atakaye kuona tabaka moja hulazimika kuyachoma yote yaliyo juu na chini yake. Kama kiinitete kina matabaka 300, basi kila tabaka hupigwa nuru mara 300 ili lionekane mara moja. Ni sawa na mwenye nyumba awashaye taa vyumba vyote kila atafutapo sindano katika kimoja.

Hadubini ya bapa la nuru huuondoa ubadhirifu huo. Ina lenzi mbili zilizokaa pembe mraba, moja ya kuleta nuru na ya pili ya kutazama. Mwali wa leza hupita kwanza katika lenzi iliyochongwa mfano wa gogo lililopasuliwa kati, ambayo huubana kwa upande mmoja tu na kuuacha mpana kwa upande wa pili, hata ukawa bapa lenye unene wa mikroni chache, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka linaloguswa na bapa hilo ndilo linalopigwa picha. Mengine hupumzika gizani mpaka zamu yao ifike.

Maelezo hayo ni mepesi kuyasoma, na mazito kuyatenda. Bapa lisipolala katika tabaka lile lile ambalo lenzi ya pili hulitazama, picha yote huwa ukungu, na kosa la mikroni chache latosha. Fundi hutia rangi ing'aayo katika maji ya chumba cha kielelezo, akaigeuza lenzi ya gogo robo ya mzunguko, na hapo wembamba wa mwali huonekana dhahiri kama kiuno cha nyigu. Kiuno hicho hukivuta taratibu hadi katikati ya uwanja wa picha, kisha huirudisha lenzi kama ilivyokuwa. Kazi hii hutaka mkono mtulivu, na asiye na subira heri aitafute nyingine. Tena kiuno kina masharti yake: unene ukipunguzwa nusu, urefu wa sehemu iliyo nyembamba hupungua hata robo. Atakaye ukali wa picha sharti akubali uwanja mdogo.

Mwaka 2013 wataalamu wa Dresden walichapisha ramani na maelezo ya hadubini ya namna hii, waliyoiita OpenSPIM, ili yeyote ajijengee. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa wasio na fedha za kununua chombo kizima, ingawa ramani peke yake haileti lenzi wala leza.

Sasa mtazame samaki mwenyewe. Aghalabu ni samaki-pundamilia, mwenye milia ubavuni akiwa mkubwa, naye akingali kiinitete mwili wake ni mwangavu kama maji. Moyo wake huanza kupiga yapata saa 24 tangu yai kurutubishwa. Hutiwa dawa ya usingizi, akavutwa pamoja na jeli vuguvugu katika mrija mwembamba, na jeli ikipoa huning'inizwa katika maji mbele ya bapa. Jeli hiyo hutokana na mwani mwekundu, ila si ile itolewayo na mwani ulimwao Paje na Jambiani, ambayo ni ya ukoo mwingine. Macho na kiini cha yai hutupa vivuli virefu vyenye mistari, na dawa yake ni kulitikisa bapa kwa pembe ndogo, au kumzungusha samaki na kumpiga picha kwa pande kadhaa.

Kisha usiku huanza. Matabaka 300 kwa kila dakika, kwa saa 24, ni picha 432,000. Na kamera yenye nukta 2,048 kwa 2,048 huzijaza terabaiti zaidi ya 3. Seli hugawanyika, huhama, huviringika kuwa jicho na uti wa mgongo. Mtazamaji husahau njaa, na hapo ndipo penye hatari yake, kwa kuwa picha ya kiumbe kinachodhurika yaweza kuwa nzuri kama ya kiumbe kinachokua.

Kwa hiyo mtazamaji mwaminifu huwaacha ndugu wawili wa samaki huyo, wa mayai ya saa moja: mmoja huru katika sahani ya maji, wa pili ndani ya jeli ile ile lakini gizani. Jeli ikiwa ngumu, mkia unaorefuka hupinda kwa kukosa nafasi, na bila ya huyo wa pili haiwezekani kujua kama mkosaji ni jeli au ni nuru. Asubuhi wote watatu huwekwa pamoja, wakahesabiwa mapigo ya moyo, wakapimwa mikia. Iwapo aliyekesha mbele ya bapa amepinda, na ndugu zake wamenyooka, zile picha laki nne na zaidi huwekwa kando. Leza hupunguzwa nguvu, na yai jingine hutafutwa.