Kimya cha Februari

Kwa miaka saba niliuza urojo Forodhani, Zanzibar, hatua chache tu kutoka ukuta wa Ngome Kongwe, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuvuka mlango wake wakati wa tamasha. Tamasha lenyewe, la muziki la Sauti za Busara, lilianza 2004. Mimi meza yangu niliitandika 2009, bustani ilipofunguliwa upya baada ya matengenezo. Wiki ile ya Februari, Mji Mkongwe unapofurika watu kutoka kila pembe ya dunia, kwangu ilikuwa wiki ya biashara basi. Nachemsha urojo masufuria mawili badala ya moja, nakaanga bajia na kachori mpaka harufu ya mafuta nalala nayo. Muziki unaruka ukuta, unanipita. Nilikuwa nikiuita kelele. Nilisema ni mambo ya wageni na ya vijana wasio na kazi, na nilisema kwa sauti, ili wateja wasikie.

Lakini nilikuwa na jeraha la zamani. Mama yangu ni mtu wa taarab. Nilipokuwa mtoto, siku ya hafla alikuwa akijifukiza udi tangu magharibi, anajipaka hina, kisha anakaa kitandani na kufunga noti katika pindo la kanga. Noti za kutunza waimbaji. Mimi nina miaka tisa, nimeambiwa asubuhi ile ile kwamba pesa ya daftari la skuli hakuna, na nimesimama mlangoni namtazama anavyolikaza lile fundo. Tangu hapo, kila niliposikia kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, nililiona fundo la kanga. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, na kinyongo nikakua nacho.

Mwaka 2016 tamasha halikufanyika. Waandaaji hawakupata fedha za kutosha. Kwanza nilihesabu hasara: bakuli ngapi zisizouzwa, viazi kilo ngapi nisizonunua. Ikafika Februari yenyewe. Usiku mmoja naosha bakuli, kaskazi inavuma, maji yanapiga ukuta wa bahari, na nyuma yangu Ngome imenyamaza. Nikajikuta nimeacha kuosha. Nimeinamisha kichwa upande wa Ngome, nangoja. Nilingoja kitu ambacho kwa miaka saba nilikiita kelele.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Unataka muziki, mwanangu, au unataka wateja?" Nilishindwa kumjibu.

2017 tamasha liliporudi, nilimwachia meza mdogo wangu kwa usiku mmoja nikamchukua mama. Tulianza na gwaride la ufunguzi, maana lile halina kiingilio: beni mbele na matarumbeta yao, watoto wanakimbia pembeni, wenye maduka wametoka vibarazani. Jioni tukaingia Ngome. Tiketi ya Mtanzania ni nafuu mno kuliko ya mgeni, jambo ambalo miaka yote sikuwahi hata kuliuliza. Kuta zile walizijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, na mimi mzaliwa wa Ng'ambo ndiyo kwanza naziona kwa ndani usiku, zimemulikwa taa, popo wanapita juu ya jukwaa.

Tulikaa mbele kabisa, kwa sababu macho ya mama si mazuri. Kanuni ilikuwa imelazwa mapajani mwa mpigaji, umbali wa kama mikono mitatu. Kumbe nyuzi zake ni zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Katika vidole vya shahada amevaa pete mbili zilizobana vijiti vidogo vya kudonolea. Mkono wa kushoto kila mara unaruka pembeni kugeuza vijichuma, sauti inapanda au inashuka kidogo tu, kidogo ambacho sikio linakipata kabla akili haijakijua. Miaka saba nilikuwa nasikia mavumbi ya kitu hiki.

Mama akawa ananisimulia sikioni kama alivyosimuliwa na wakubwa wake: Sultani Barghash alivyompeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa walivyoanza 1905, na mpaka leo wapo. Akafika kwa mwimbaji wa taarab Siti binti Saad. Siti huyu, kabla ya kwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, alikuwa akitembeza vyungu mjini, anavinadi kwa sauti yake. Muuzaji. Mtu wa kuita wateja, kama mimi. Nilitazama mikono yangu yenye rangi ya manjano ya urojo, nikaona haya kwa yote niliyokuwa nikiyasema pale mezani.

Kisha mwimbaji akafika ubeti fulani, mama akasimama. Alifungua pindo, akainua noti juu, akaenda mbele taratibu, mabega yakifuata mdundo wa dumbaki. Mwimbaji akamwinamia na kuurudia ubeti ule ule, akimtazama yeye peke yake. Hapo ndipo nilipoelewa kutunza. Kwa noti ile, mwanamke husema mbele ya watu wote: hili ni langu, mimi ndiye linayenihusu. Mama aliachwa na baba akiwa na watoto wanne, na katika nyumba ya ukweni hakuwa na mahali pa kutamka hata neno moja. Alikuwa analitamkia ukumbini, bila kufungua mdomo.

Tukirudi kwa miguu, tulipofika Darajani nikamwuliza zile noti za utotoni mwangu zilikuwa za ubeti gani. Aliniambia. Nilimwomba radhi pale pale barabarani, naye akanishika kiganja, tukatembea hivyo mpaka Michenzani.

Tangu hapo kila Februari nina usiku wangu mmoja ndani ya Ngome, meza iuze isiuze. Mwaka huu miguu ya mama imegoma. Kabla sijatoka aliniita kitandani kwake, akalivuta pindo la kanga yangu, akaifunga noti kwa mafundo mawili. Akanitajia wimbo, na akanionya wakiupiga nisisimame mpaka ubeti wa tatu.