Kitenzi kinachoitwa "ya"

Kompyuta ilikuwa ya kuazima, Linux yake ilikuwa ya Kifaransa, na umeme wa mtaa wetu ulikuwa unarudi saa tano za usiku. Memwari yangu niliifanya saa hizo, macho yamejaa usingizi. Nasema hayo mapema ili msomaji asinicheke kupita kiasi.

Memwari inahusu masimulizi ya nkambo wangu, aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière hapa Lubumbashi. Yeye alisimulia kwa Kiswahili chetu cha mjini, mimi nikarekodi kwa simu, halafu nikaandika neno kwa neno, kila simulizi katika faili lake. Yalikuwa mafaili 14. Nilitaka kompyuta inihesabie ni mara ngapi anasema "njo" na ni mara ngapi "ndiyo", maana kuhesabu kwa kidole ningezeeka.

Jirani yetu, mwanafunzi wa informatiki, alinionyesha Bash: dirisha jeusi ambamo unaandika amri na mashine inaitenda. Alinifundisha pia kigeu, yaani jina fupi unalolipa thamani mara moja, kisha kila ukilihitaji unaliita kwa alama ya dola mbele yake. Mimi nikachagua jina KAZI, lisimame badala ya njia ndefu ya folda yangu. Faili langu la amri lilianza hivi:

KAZI=/home/etudiant/Masimulizi ya nkambo
cd $KAZI
rm *.txt

Mstari wa kwanza unatoa jina. Wa pili unaingia ndani ya folda. Wa tatu unafuta maandishi ya majaribio ya jana yaliyokuwa humo, ili hesabu ianze upya. Mashine ikajibu: "ligne 1: ya : commande introuvable". Amri inayoitwa "ya" haionekani. Baada ya hapo, kimya.

Nilicheka. Miaka mitano kitivoni tumefundishwa kwamba "ya" ni kiunganishi cha umilikaji, na leo mashine inakitafuta kama kitenzi! Nilidhani ni kosa la sintaksia, nikamwambia jirani hivyo. Akakataa, na hapo ndipo aliponipa somo ambalo sikulipata darasani.

Kwa Bash, nafasi ndiyo inayokata neno. Neno la kwanza la mstari ni kitenzi, yanayofuata ni vijalizo vyake. Lakini kuna ruhusa moja: kabla ya kitenzi unaweza kutanguliza jina, alama ya sawasawa na thamani, vyote vimeshikana, na thamani hiyo itadumu kwa muda wa kitenzi hicho tu. Kwa hiyo mstari wangu ulikuwa sentensi safi kabisa. Ulisema: tenda "ya" juu ya "nkambo", na wakati unatenda, KAZI iwe "/home/etudiant/Masimulizi". Kilichokosekana ni msamiati. Laiti kungekuwa na programu inayoitwa "ya", nisingeona hata onyo.

Kosa la sintaksia lenyewe lina sura nyingine: fungua alama ya nukuu usiifunge, ubonyeze, na Bash itakuwekea mshale mdogo ikingoja umalize sentensi. Na ukiandika KAZI, nafasi, sawasawa, nafasi, jinsi tulivyozoea katika hesabu, KAZI yenyewe inageuka kitenzi kisichojulikana. Hilo nalo nimelifanya.

Sisi watu wa Lubumbashi hatukuzoea ukali huo. Katika ujumbe wa simu tunaandika "tu na enda" au "tunaenda", na aliyetumiwa haulizi. Hata Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, aliyoikusanya André Yav mwaka 1965, inakata maneno popote inapotaka, na ukiisoma kwa sauti yote yanajirekebisha. Sikio linaunganisha. Bash haina sikio.

Usiku huo sikuwa nimeyafikiri haya yote. Nilikuwa nimeona tu kwamba mashine imelalamika, nikaamini kwamba ikilalamika inasimama. Haikusimama. Ilipita mstari wa pili, na KAZI haikuwa na kitu. "cd" bila jina la folda inakurudisha nyumbani, kwenye folda kuu ya mtumiaji. Huko ndiko nilikoweka maandishi yangu halisi siku ya kwanza, yote 14, nikingoja siku ya kuyapanga. Mstari wa tatu ukayafuta. "rm" haina pipa la taka.

Simu ilikuwa bado na sauti 11. Tatu nilikuwa nimezifuta ili nipate nafasi ya picha.

Kesho yake nilirekebisha kwa kufuata maelezo niliyoyachapa katika Word, nikapata "ya" ile ile. Jirani akainama kwenye skrini. "Yaya, hizi ni alama za vitabu. Bash haizijui." Word ya Kifaransa ilikuwa imegeuza nukuu zangu kuwa «  », na kwa Bash hizo ni herufi kama herufi nyingine. Zinazotakiwa ni zile zilizonyooka, zilizo kwenye kitufe cha 3 cha kibodi ya Kifaransa:

set -u
KAZI="/home/etudiant/Masimulizi ya nkambo"
cd "$KAZI" || exit

Nukuu zinarudi hata katika mstari wa "cd", kwa sababu thamani ikitolewa bila nukuu inakatwa tena kwenye nafasi zake. "set -u" inakataa jina lisilo na thamani. "|| exit" maana yake ni: ukishindwa kuingia, toka, usiguse kitu. Na kama kuna programu nyingine inayotakiwa kukiona kigeu hicho, utangulize "export", mimi sikuihitaji.

Nilikwenda kwa nkambo kumwomba anisimulie tena yale matatu. Niliona haya. Akaniangalia. "Weye njo ulipoteza. Miye ningali nayo." Akasimulia, lakini hakusimulia vile vile. Katika simulizi la foleni ya posho, safari ya kwanza mama yake alirudi mikono mitupu. Safari hii alirudi na unga. Nilimuuliza ipi ni kweli. Akasema zilikuwa siku mbili. Ile ya mikono mitupu hakutaka kuirudia, nami sikumlazimisha.

Folda sasa inaitwa Masimulizi_ya_nkambo. Mkurugenzi wa memwari aliona jina hilo kwenye ukurasa wa viambatisho, akaniuliza vistari vile vya chini ni vya tahajia gani.