Padri na Mpira

Hapa Juani, ng'ambo ya Chole, jirani zetu walio wengi ni Waislamu, nasi Wakristo tu wachache. Mzee mmoja wa kwetu aliniuliza: "Mwalimu, yafaa padri avue kanzu, akimbilie mpira pamoja na wavuvi?" Nalimjibu kwamba hata Roma, mwaka 2007, mapadri na waseminari walianza kushindania Clericus Cup, mchezaji mkorofi alionyeshwa kadi ya buluu, akatoka dakika 5, apoe. (Dakika hizo zingetufaa wengi nyumbani!) Mzee akacheka, asiridhike: "Akitukanwa uwanjani, Jumapili nitamsikilizaje?" Swali zito. Walakini wale wavuvi hawaji kusikia mahubiri. Walimwona padri akifungwa mabao bila kununa, kisha akavuta nao ngalawa hadi pwani kavu.