Hatua Mia Mbili za Alfajiri

Houston, Texas

Kaka yangu,

Mpwa wako ametimiza miaka 15. Sasa nikimsemesha nainua uso.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama ni kweli nataka kununua bastola. Nilikukatisha kwa sababu wazee ninaowauguza walikuwa wanasubiri dawa. Leo sina zamu, nimeweka chai mezani, basi nikueleze tangu mwanzo.

Unaijua kazi yangu ya kuuguza wazee usiku. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, na miezi ya baridi saa hiyo huku bado ni giza. Magari ya wafanyakazi huegeshwa nyuma ya jengo. Nimezihesabu: kutoka mlangoni hadi kwenye gari langu ni hatua 200. Mwaka jana magari matatu yalivunjwa vioo pale, kisha mwenzetu mmoja akanyang'anywa mkoba, akaangushwa, akavunjika mkono. Tangu siku hiyo, kila nikiushika ule mlango miguu huwa mizito.

Wenzangu wakaniambia kwa kauli moja: tafuta rivolva ndogo, tembea nayo kila siku. Hapa Texas jambo hilo si gumu. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi, asiyezuiwa na sheria, anaweza kubeba bastola bila kibali cha kuibebea. Dukani unajaza fomu namba 4473 ya serikali kuu: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa? Unatumia dawa za kulevya? Uko nchini kwa hadhi gani? Muuzaji huulizia jina lako FBI, na mara nyingi jibu hurudi kwa dakika chache. Mwambie binamu yetu anayejiandaa kuja kusoma: mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola, wala hata risasi moja, na kosa hilo ni zito. Asishawishiwe na marafiki.

Nilikwenda dukani na mwenzangu wa zamu, dada mmoja mzaliwa wa Lubumbashi. Nyuma ya duka kuna kiwanja cha shabaha, na unaweza kukodi silaha ukaijaribu kabla ya kununua. Muuzaji alikuwa mzee mwenye subira, akaanza na mimi tangu alifu.

Nilidhani bastola ni bastola. Kumbe ziko koo mbili. Ya kwanza ni ile ya magazini inayoingia kwenye mpini. Lazima uikoki kwa kuvuta mgongo wake wa chuma, na vidole vyangu, baada ya miaka 11 ya kuinua wazee vitandani, havina tena nguvu hiyo. Ya pili ni rivolva, yenye silinda inayozunguka, kila tundu na risasi yake. Si lazima kuikoki. Risasi moja ikigoma, unavuta triga tena na silinda inakuletea nyingine.

Texas na rivolva wanajuana tangu zamani. Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake huku Marekani mwaka 1836, mwaka uleule Texas ilipojitangazia uhuru kutoka Mexico. Ile aliyoitengeneza mwaka 1847 kwa ushauri wa Kapteni Samuel Walker ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi, na kwa kawaida iliwekwa kwenye tandiko la farasi. Za kubebwa mwilini kutwa zilikuja kustawi baadaye: Colt ilitoa Detective Special mwaka 1927, na mwaka 1950 Smith & Wesson ikatoa Chiefs Special, ya risasi 5, inayoenea kiganjani. Nyingi za leo ni wajukuu wa hiyo.

Mzee aliniwekea tatu mezani. Smith & Wesson 642 ni ya alumini, ina gramu 400 na kidogo, na nyundo yake imefichwa ndani isije ikanasa kwenye nguo. Ruger LCR ni nyepesi zaidi. Ruger SP101 ni ya chuma kitupu, gramu 700 na zaidi. Nikaishika ile ya alumini. Kaka, haifiki hata nusu kilo ya sukari! Nikasema, hii ndiyo yangu.

Mzee akaniambia nipige kwanza. Risasi ya kwanza ilinipiga teke hadi kwenye kiwiko. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo uzuri wa kioo cha duka hauonyeshi: uzito unaousumbua mkanda wako ndio unaomeza lile teke. Nyepesi ni rahisi kubeba na ni ngumu kupiga. Kisha triga yake ni nzito, yahitaji nguvu ya kilo 5 hivi kuivuta. Uzito huo ni kinga, maana nyingi za aina hii hazina kifungio cha usalama. Lakini kidole kikikaza hivyo, mtutu huyumba, na mtutu wenyewe haufiki sentimita 5. Katika risasi 5, kwa umbali wa mita 7, mbili tu ziligusa karatasi. Kwa ile ya chuma ziligusa nne.

Huku wengi husema rivolva ndogo ni silaha ya mwanamke, au ya asiyejua silaha. Mikono yangu imekataa. Ni silaha ya mtu aliyefanya mazoezi mpaka ikawa sehemu ya mkono wake. Nilizitazama zile risasi tatu zilizopotea, nikauona uwanja wetu wa magari. Pale nyuma hakuna ukuta wa mchanga wa kuzipokea. Kuna madirisha ya chini, na ndani yake wamelala wazee wangu.

Hata hivyo nilikuwa tayari. Ningechukua ile ya chuma, na ala ngumu inayofunika triga yote, na kila wiki ningerudi kufanya mazoezi. Mzee akaniuliza swali moja: "Unafanya kazi wapi?" Nilipomjibu, akatikisa kichwa. Sheria ya Texas inakataza silaha ndani ya hospitali na nyumba za uuguzi, labda uwe na idhini ya maandishi ya uongozi. Unaruhusiwa kuiacha garini, imefungiwa.

Piga hesabu, Kaka. Kila alfajiri ningezitembea zile hatua 200 mikono mitupu, nikiifuata bastola iliyolala garini, katika uwanja uleule wanaovunja vioo.

Ikabaki kuiweka nyumbani. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini humu, na kati yao 26,328 walijiua. Zaidi ya nusu. Mpwa wako, tangu tumzike baba yake, ana siku anazoshinda bila kutoa neno. Nimekaa na wagonjwa usiku mwingi. Najua kwamba saa mbaya hupita, mradi tu mtu asiwe na kitu cha kuimalizia upesi. Nikakukumbuka ulivyorudi likizo kutoka jeshini, JKT, ukatuhadithia kwamba kila jioni bunduki zilihesabiwa, na moja isipoonekana hakuna aliyelala. Nikajiuliza, kwangu nani atahesabu, wakati mimi niko zamu?

Sijanunua. Dada wa Lubumbashi amenunua ile ya chuma. Anaishi peke yake, ana kasha lililofungwa kwa misumari ukutani, na kila Jumamosi yuko kiwanjani. Simlaumu hata kidogo. Amepima maisha yake, nami nimepima yangu.

Lakini hofu hatukuiacha ilivyo. Wafanyakazi tisa wa zamu ya usiku tuliingia ofisini pamoja, tukadai taa na mlinzi. Taa zimefungwa, mlinzi bado tunamdai. Na hatutoki tena mmoja mmoja. Kila alfajiri tunahesabiana pale mlangoni, kama zile bunduki zenu za JKT. Mmoja asipotimia, tunamsubiri.

Msalimie Mama. Mwambie natembea na watu.

Mdogo wako