Jangwani au Kigamboni? Ugomvi wa Barazani Wadi Kabir

Mhariri wetu aliniomba niandike kitu kuhusu uhandisi kwa lugha ambayo hata watu wa sheria wataielewa. Nimekaa wiki mbili sijui nianzie wapi, mpaka Ijumaa iliyopita nilipogombana na Ami kuhusu Yanga. Basi nitaandika huo ugomvi.

Nimepanga chumba hapa Wadi Kabir kwenye nyumba ya mzee mmoja mzaliwa wa Unguja, aliyekuja Maskati miaka ya sabini. Namwita Ami ingawa hatuna udugu wa damu. Yeye huniita "injinia" akifurahi na "we kijana" akikasirika. Mtaa wetu ni magereji, maduka ya vipuri na magari yaliyokwishatumika, na nyuma yake milima ya mawe matupu. Siku ya mechi tunatoka barazani na dele la kahawa, simu tunaiegemeza kwenye boksi la tishu. Mpira wa saa 11 jioni Dar, huku unaanza saa 12, na Ami ana desturi ya kuuchelewesha mpaka amalize magharibi, halafu anakasirika kwamba bao limempita.

Mechi ilipokwisha akaniuliza, "Hivi nyinyi wasomi, Yanga wana shida gani hata wasijijengee kiwanja pale pale Jangwani?" Nikamjibu haraka kama niko kwenye mtihani: pale ni njia ya maji, Ami, wahame tu. Akaweka kikombe chini. "Wahame waende wapi, we kijana?"

Kwa wasioijua Dar es Salaam, nieleze kidogo. Klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina jengo lake kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na pembeni yake kuna kiwanja kinachoitwa Kaunda, kwa jina la Rais wa kwanza wa Zambia. Ukipiga teke kubwa mpira unaingia bondeni mwa Mto Msimbazi. Mto huo unatoka milima ya Pugu, unakatiza jiji zima na kumwaga baharini penye daraja la Salenda, na kila masika unateremka na mchanga, takataka na tope. Tope likijaa, mto unakosa kina, na maji yakikosa kina yanatafuta upana. Kaunda ni sehemu ya huo upana.

Wakati wa uongozi wa Yusuf Manji, aliyeingia mwaka 2012, waliitwa Wachina wa Beijing Construction, wale wale waliojenga Uwanja wa Taifa wa watu 60,000 uliofunguliwa 2007 (sasa unaitwa Benjamin Mkapa). Michoro ikatoka, na ilipendeza! Lakini eneo lilikuwa dogo, klabu ikaomba iongezewe ardhi upande wa bondeni, na haikupewa. Baadaye kikapatikana kiwanja Geza Ulole, Kigamboni. Kisha chini ya Hersi Said, aliyechaguliwa 2022, habari ya Jangwani ikarudi tena mezani. Na timu yenyewe? Kambi yake ilikwishahamia Avic Town, huko huko Kigamboni! Ami hapendi kukumbushwa hilo.

Hoja yangu ya kiinjinia ni nyepesi. Kujenga penye udongo mlaini kunawezekana, unateremsha nguzo za zege mpaka upate udongo mgumu, ni suala la pesa. Tatizo ni kifusi. Ukijaza kiwanja chako kwa kifusi ili kiwe juu ya mafuriko, yale maji uliyoyanyima nafasi hayapotei, yanakwenda kwa jirani. Na jirani wa Yanga ni nani? Ni watu wa Magomeni, Kigogo na Hananasif, ambao wengi wao ndio hao hao mashabiki.

Hapo ndipo Ami aliponishika. Akasema, "Na baba yako?"

Nilikuwa na miaka 16 mvua za Desemba 2011 ziliposhuka, zile zilizoua watu zaidi ya 40 Dar. Sisi tulikaa Magomeni, upande wa bonde. Maji yalifika dirishani, tukalala juu ya paa la jirani na godoro moja watu sita. Mwaka uliofuata tukawa miongoni mwa waliopewa viwanja Mabwepande, tukaanzia kwenye mahema. Kwa mahesabu yoyote ya mafuriko ule ulikuwa uamuzi sahihi, na mimi mwenyewe leo ningeusaini. Lakini baba alikuwa mwanachama wa Yanga mwenye kadi, na kila Jumamosi alipanda daladala mbili kurudi Jangwani, akae na wenzake kwenye ngazi za klabu, wabishane, wale mihogo, kisha ageuze. Mama alipoteza wateja wake wote wa maandazi. Baba alifariki 2019, na msiba uliwekwa Magomeni, kwa sababu Mabwepande baada ya miaka saba bado hatukuwa na watu wa kutosha wa kututandikia jamvi.

Hayo yote nilimsimulia Ami siku nyingine, na sikutegemea ayatumie kwenye mambo ya mpira. Nikabaki kimya.

Nikajaribu kumtolea mfano wa Arsenal, walioondoka Highbury mwaka 2006 kwenye watu 38,000 wakaenda uwanja wa 60,000. Akacheka. "Wamehama mtaa wa pili, wanakwenda kwa miguu! Wewe unataka watu wa Kariakoo wapande pantoni." Na kweli, hebu fikirieni mechi ya usiku imekwisha Geza Ulole na maelfu ya watu wanataka kuvuka, ama pantoni ya Magogoni ama daraja la Nyerere. Jangwani basi za mwendokasi zinapita mlangoni. Ila basi hizo nazo mafuriko yaliwahi kuzikuta kwenye karakana yao hapo hapo bondeni.

Nikamgeuzia kibao. Wadi Kabir maana yake nini, Ami? Bonde kubwa. Mwezi wa sita 2007, kimbunga Gonu kilipopiga Maskati, gari yake aina ya Corolla ilichukuliwa na maji hapa hapa, ikaokotwa mbali imejaa mchanga hadi kwenye redio. Nyumba hii alikuwa anayo na leo anayo. Nikamuuliza, mbona hukuhama? Akasema, "Nshahama mara moja, yakhe. Yatosha."

Msimamo wangu ni huu, na mniandikie kama mnaona nimekosea. Mradi wa bonde la Msimbazi, ule wenye mkopo wa Benki ya Dunia, unahusisha kutanua mkondo wa mto na kuinua daraja jipya la Jangwani. Umalizwe kwanza, upitiwe na masika mbili tatu za maana, watu wapime maji yamefika wapi. Kabla ya hapo mtu asimwage hata lori moja la kifusi pale. Na kama jibu ni kuhama, basi jengo la Twiga na ule uwanja mdogo visiuzwe, wala zile ngazi.

Ami anasema mimi ni mwoga. Juzi mvua ilinyesha kidogo usiku, nikasikia mlango. Alikuwa ametoka na kanzu na kandambili kwenda kulitoa gari lake wadini. Nikamfuata na tochi.